Mhudumu Aliyeitwa Nakuja

Lugha yetu ina vituko vyake, na kimojawapo ni hiki: mtu anayeondoka husema anakuja. Uko naye sebuleni, anainuka, anavaa ndala, anakupa kisogo, anafungua mlango, na huku anatoka anakwambia, "Nakuja." Wala hushangai. Unajua ana maana atarudi sasa hivi, na hiyo sasa hivi yenyewe yaweza kuwa dakika mbili au mwezi wa pili. Wageni wa mbali ndio hushangaa. Mmoja wao, mzee wa kofia pana aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni, alimuuliza mhudumu wa mkahawa mmoja wa ufukweni, "Mama, unasema unakuja, mbona naona mgongo?" Meza zote zikaangua kicheko. Tangu siku hiyo mhudumu yule akaitwa Nakuja, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Nakuja alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa ya kazi pale mkahawani. Alianzia kwenye karai la vyombo, akapanda cheo akawa mmenya viazi, hatimaye akakabidhiwa sinia na aproni nyeupe. Alibeba sahani nne kwa mkono mmoja na mchuzi haukumwagika. Mgeni akiketi tu, alishajua kama amekuja kula au amekuja kugombana na mkewe. Alijua kuwa mtu aliyechomwa na jua husema anataka bia wakati mwili unataka maji, kwa hiyo alileta vyote viwili, maji yakitangulia.

Na alijua mji, au ndivyo watu walivyodhani. Mgeni akiuliza aende wapi baada ya chakula, Nakuja aliegemeza sinia kiunoni akampangia siku nzima. Shuka na mtaa wa wauza vitambaa, upande wa kivuli. Pinda kushoto kwenye duka la saa. Utaona jumba la makumbusho, mlangoni pana mizinga miwili ya zamani. Ukitoka hapo pata kahawa kwenye kona, ina harufu ya kumfufua maiti. Halafu nenda mnara wa taa, panda ngazi mia na kumi, ukifika juu utaona mji wote mpaka meli zinazoingia. "Nenda jua likishaanza kuinama," alimalizia, na wageni waliondoka wakimshukuru kana kwamba mnara aliujenga yeye.

Kumbe hakuwahi kuupanda. Wala hakuwahi kuingia makumbusho, wala kuinywa ile kahawa aliyoisifia. Yote aliyoyajua aliyaokota mezani, kwa wageni waliorudi jioni wamechoka na wanapenda kusimulia. Na tusidanganyane kwamba alikosa nafasi. Siku za mapumziko alikuwa nazo, akazitumia kufua na kulala. Ukweli ni kwamba alikuwa anauweka ule mji. Aliuweka mzima mzima kama watu wanavyoweka vikombe vizuri kabatini, akimngoja mtu mmoja aje waufungue pamoja.

Mtu huyo alikuwa binti yake.

Alimwacha akiwa na miaka saba. Asubuhi hiyo mtoto alikuwa jikoni na kikombe cha chai, amekaa kwenye kiti ambacho miguu yake haikufika chini. Mkoba wa safari ulikuwa umekwisha kupelekwa kwa jirani ili usionekane. Bibi wa mtoto ndiye aliyetoa maelekezo yote. "Usimuage," alimwambia Nakuja. "Ukimuaga atalia. Akilia hutaondoka, na usipoondoka tutakula nini sisi? Mwambie unakuja, basi." Naye akafanya hivyo. Alimgusa mtoto kichwani, akasema, "Nakuja," akatoka kama anayekwenda dukani kununua chumvi. Hakugeuka, maana angegeuka asingefika hata kwa jirani.

Katika miaka kumi na tisa alirudi nyumbani mara tano, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa misiba. Kule nyumbani mtoto alikuwa na Mama Mkubwa na Mama Mdogo, kwa hiyo yeye akawekwa kwenye foleni, akaitwa Mama wa Mjini. Binti hakumkosea adabu hata siku moja. "Shikamoo, Mama wa Mjini," alisema, mikono ameikunja mbele, kama anamwamkia mkaguzi wa shule. Afadhali angemnunia. Mtu anayenuna bado anataka kitu kwako.

Kitu kimoja tu walikuwa nacho wao wawili, nacho ni ule mnara. Nakuja alimsimulia kwenye simu, mtoto akiwa na miaka kumi, baada ya mazungumzo mengine yote kuisha na kimya kuanza kuuma. "Ngazi ngapi?" mtoto aliuliza. "Mia na kumi. Ukija tutapanda wote, nitakushika mkono." Kuanzia hapo kila simu iliishia mnarani. Mtoto akawa msichana, msichana akawa nesi, bibi akafariki, simu zikawa fupi. Lakini hata zile fupi, kabla ya kukata, mmoja wao aliuliza habari za mnara kama watu wanavyouliza habari za mgonjwa.

Ndipo ukaja ujumbe. "Shikamoo. Jumamosi tunakuja huko, matembezi ya wauguzi wa kituo chetu. Chakula cha mchana ni hapo kwenu, halafu tunatembezwa mjini mpaka saa kumi na nusu. Mnara upo bado?"

Nakuja aliusoma amesimama stoo, kati ya magunia ya vitunguu, na aliusoma mpaka angeweza kuukariri. Mnara upo bado! Kwani nani angeubeba? Alicheka peke yake, kisha akalia, na kwa bahati nzuri stoo ya vitunguu ni mahali ambapo mtu akilia haulizwi. Jioni hiyo alinunua raba nyeupe za kamba za bluu, raba zake za kwanza tangu azaliwe. Akaomba ruhusa ya Jumamosi, na meneja, ambaye wahudumu walimwita Bwana Saa kwa kuwa hakukuangalia usoni bila kupitia saa ya mkononi mwake kwanza, akampa.

Ijumaa akaipokonya. Wahudumu wawili walikuwa wameshikwa na homa, na badala ya basi moja yalikuwa yanakuja mawili. "Mama, nikuruhusu wewe nibaki na nani?" alisema Bwana Saa. Nakuja angeweza kukataa. Mimi ningemshauri akatae, nawe pia ungemshauri, lakini sisi hatuna miaka kumi na tisa ya kusema "sawa, bosi." Alisema, "Sawa, bosi." Na kumwandikia binti ili ajue mapema, hapo moyo ulimshinda. Alijiambia kuwa atapata upenyo.

Jumamosi basi la kwanza lilifika saa sita na nusu. Wakashuka wauguzi thelathini na wawili ambao siku hiyo hawakuvaa sare, na kila mmoja alikuwa amevaa nguo za rangi kali kana kwamba anailipizia ile nyeupe ya kazini. Binti alishuka wa mwisho. Nakuja alikuwa mlangoni na sinia la juisi, na kabla ya kuuona uso wa mwanawe aliiona miguu. Amevaa raba. Mpya.

"Shikamoo, Mama wa Mjini."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari. Karibuni."

Binti akaitazama aproni, akalitazama sinia. "Uko kazini."

"Wenzangu wawili wanaumwa. Lakini nitapata upenyo, utaona. Kunywa juisi kwanza, jua kali hili."

"Sawa," alisema binti, na Nakuja akalitambua hilo neno. Lilikuwa lake mwenyewe, limetoka kwenye mdomo mwingine.

Mkunga mmoja mwenye sauti ya kuamsha wodi alikuwa amesikia yote. "Kumbe mhudumu ndiye mama! Jamani, samaki wa meza yetu leo aje na ndugu zake!" Watu wakacheka, wakasukuma viti, wakaagiza. Bia zikaletwa chupa zinatoka jasho, na divai nyeupe kwa waliotaka kupiga picha nayo. Bahari ilikuwa inang'aa mpaka watu walifinya macho kusoma orodha ya vyakula.

Jikoni Nakuja alimchagua samaki mwenyewe, mkubwa kuliko wote waliokuwa kwenye makaa, akamwomba mpishi amtoe miiba upande wote mmoja.

"Miiba? Huyo mgeni ana miaka mingapi?" aliuliza mpishi.

"Saba," alijibu Nakuja. Halafu akasema, "Ishirini na sita. Wewe toa tu."

Aliiweka sahani mbele ya binti yake kwa mikono miwili. Pembeni ya binti palikuwa na kiti kitupu, na juu yake mkoba. Binti aliutoa mkoba akauweka chini. "Nimekuwekea kiti," alisema. "Kaa kidogo, Mama."

Hakusema wa Mjini. Alisema Mama. Na ni saa hiyo hiyo meza ya tisa walipoita barafu, nayo meza ya kumi na mbili wakainua chupa tupu. Mazoea yana tabu. Mwili uligeuka wenyewe, sinia likapanda lenyewe begani, na mdomo ukasema neno ambalo tangu ujumbe ulipofika alikuwa ameapa kutolisema.

"Nakuja."

Uso wa binti ulifungwa kama duka. Hata mkunga aliacha kutafuna.

Alirudi baada ya dakika ishirini, maana basi la pili, la wageni wengine, nalo lilikuwa limefika. Binti alikuwa hajagusa chakula. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Nakuja zaidi.

"Unajua siku ile nilikusubiri wapi?" aliuliza binti, kwa sauti ya chini. "Pale pale jikoni. Sikwenda hata kucheza. Si ulisema unakuja? Jioni Bibi akapakua, nikachukua sahani yako nikaifunika na nyingine ili chakula kisipoe. Kesho yake nikakufunikia tena. Bibi akanikataza kuchukua kwenye sufuria, basi nikawa nakufunikia nusu ya changu. Mpaka shule zikafunguliwa."

"Bibi yako hakuniambia."

"Nilimwomba asikwambie. Nilidhani utatugombeza kwa kuharibu chakula."

Nakuja alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia meza, akawa anakikunja na kukikunjua.

"Sina hasira kwamba uliondoka," alisema binti. "Watu wanakwenda kazini, hata mimi nakwenda. Ila hukuniaga, Mama. Hilo tu."

"Meza ya kumi na nne!" aliita Bwana Saa kutoka kaunta.

Na Nakuja, ukitaka mkasirikie, alikwenda. Alikwenda meza ya kumi na nne. Safari hii hakusema lolote, na wala haikuwa nafuu.

Alipoweza kurudi, wauguzi walikuwa wameshaondoka. Mtembezaji wao, mwenye mwavuli mwekundu, alikuwa anawaongoza kwenye kona ya mbali, nyuma yao mstari wa kofia. Mwosha vyombo alikuwa amekuja na ndoo kukusanya sahani, akasita mbele ya moja.

"Dada, hii vipi? Mtu kaifunika."

Sahani ilikuwa imefunikwa na sahani. Nakuja akaifunua. Nusu ya samaki ilikuwa pale, upande ule usio na miiba, haujaguswa. Wali ulikuwa umegawanywa katikati kwa kijiko, sawasawa, kama anavyogawa mtoto anayeogopa kuambiwa amependelea. Binti alikuwa amekula upande wa miiba.

Wahudumu hawakuruhusiwa kukaa viti vya wageni. Nakuja alikaa. Alikaa kwenye kiti alichowekewa, akahisi miaka kumi na tisa yote imemjia kifuani kwa mkupuo, na yote aliyokuwa akijiambia, kwamba aliondoka kwa ajili ya mtoto, kwamba sare na viatu vya shule vilifika kila muhula, yote yalikuwa kweli na hayakumsaidia kitu. Alitamani kuwa na mwanawe. Alimtaka yule wa mnarani na yule wa jikoni, wote wawili, na yule wa jikoni hapatikani tena.

Kisha akainuka. Akaifunika sahani kama alivyoikuta, akaifunga kwa kitambaa cha meza, fundo juu. Akavua aproni. Akaingia stoo, akatoka na raba miguuni.

"Unakwenda wapi?" Bwana Saa alitazama saa, halafu raba. "Basi la pili hawajapata hata supu!"

Neno la zamani lilikuwa tayari kwenye ulimi. Alilimeza.

"Naenda, bosi."

"Utarudi saa ngapi?"

"Sijui," alisema Nakuja, na hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli kulitoa juu ya jambo hilo maishani mwake.

Alishuka na mtaa wa wauza vitambaa, upande wa kivuli. Akapinda kushoto kwenye duka la saa. Mlangoni mwa makumbusho palikuwa na mzinga mmoja, si miwili, lakini hakuwa na muda wa kuaibika. Alipita kahawa ya kwenye kona akiwa nusu anakimbia, sahani ameikumbatia, na watu wakampisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mlangoni mwa mnara mlinzi alimsimamisha.

"Pole pole, mama. Kawia ufike. Ngazi hazikimbii."

"Mia na kumi, najua."

"Themanini na nane!" Mlinzi alipandwa na mori. "Hiyo mia na kumi mnaitoa wapi? Kila siku wageni wanashuka hapa wananiambia nimewapunja ngazi ishirini na mbili! Nikimpata anayewaambia!"

Nakuja aliinamisha kichwa akampita. Ndani palikuwa na giza la ubaridi, na kwenye ngazi ya kwanza kabisa alikuwa amekaa binti yake, viwiko juu ya magoti. Sauti za wauguzi wengine zilikuwa juu, zinacheka.

"Hukupanda?"

"Tulisema tutapanda wote." Binti aliona fundo la kitambaa, akaona raba. "Kamba zako umefunga vibaya," alisema, akainama, akazifunga upya.

Wakapanda. Ahadi ilikuwa kwamba mama atamshika mtoto mkono, lakini ngazi zilikuwa nyembamba na magoti ya mhudumu ni magoti ya mhudumu, kwa hiyo binti alitangulia na mkono akaunyoosha nyuma, na Nakuja akaushika. Ulikuwa mkono mkavu, unanuka sabuni ya hospitali. Alizihesabu ngazi kwa sauti. Kwenye ya arobaini na nne palikuwa na dirisha, na pumzi zikamwishia hapo.

Walikaa chini ya dirisha, wakafungua fundo, wakala. Samaki alikuwa amepoa kabisa. Binti alimwekea mama yake minofu upande wake, mama akairudisha, binti akaiweka tena. Wauguzi walianza kushuka, wakawa wanawaruka mmoja mmoja, na mkunga aliposimama juu yao aliuliza, "Samahani, meza hii imeshachukuliwa?" Walicheka wote watatu, kisha mkunga akajibana ukutani akapita kwa kunyata.

"Mkahawa wenu ni upi?" aliuliza binti.

Nakuja alichungulia. Mji ulikuwa chini yake, mweupe, umejaa jua, ule mji aliowapa watu wengine miaka yote hiyo. Ilimchukua muda kuupata mkahawa. Ulikuwa paa dogo la makuti pembeni ya maji, na meza zake zilionekana kama vifungo vya shati. "Ule pale," alisema. "Kumbe ni mdogo hivyo." Alitaka kusema na mengine, kwamba alikuwa anamwona kila msichana aliyeingia mlangoni na kumlinganisha na umri wa mwanawe, huyu sasa ana tisa, huyu sasa ana kumi na tano. Alisema, na binti alisikiliza bila kutazama pembeni.

Honi ya basi ililia kabla hawajamaliza wali.

"Zimebaki ngazi arobaini na nne," alisema Nakuja.

"Ndiyo," alisema binti. Hakuna aliyesema watapanda siku nyingine.

Basi lilikuwa limesimama mbele ya mnara, wauguzi wote ndani, shingo zote dirishani. Binti aliweka mguu kwenye kipandio, akautoa.

"Mama, leo niage."

"Safari njema, mwanangu. Ukifika unipigie. Mle kitu njiani, na..."

"Hiyo siyo."

Nakuja alifungua mdomo. Ni neno dogo, watoto wa miaka miwili wanalisema kwa kupunga mkono. Kwake lilikuwa limekaa tangu asubuhi ile ya kikombe cha chai, na lilipotoka lilikwaruza.

"Kwaheri, mwanangu," alisema. "Wewe unakwenda nyumbani, mimi nabaki. Sijui tutaonana lini. Kwaheri."

Binti alimtazama. Kidevu kikaanza kucheza, mdomo ukapinda, na nesi wa miaka ishirini na sita, mtu wa kufunga vidonda vya wenzake, akalia mbele ya basi zima. Alilia kwa sauti, mabega yote yakitikisika, kile kilio chenyewe ambacho bibi yake alikiogopa miaka kumi na tisa iliyopita. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Nakuja alimvuta mwanawe, akamlaza kichwa begani, akamshika hapo, na hakwenda popote.